Aliyekaa Kiti cha Kushoto

Asubuhi ya mwisho ya kawaida waligombana kwa sababu ya sabuni.

Mke alisimama mlangoni mwa karakana, grisi imempanda mpaka viwikoni, anatafuta kipande cha sabuni alichokiacha juu ya pipa. Alikikuta kwenye meza ya kazi. Katikati kilikuwa na shimo lililojipindapinda.

"Baba," akamwita mumewe, "nani ameitoboa sabuni yangu?"

"Mimi. Jana nilikuwa namfundisha mteja."

"Unamfundisha nini kwa sabuni ya watu?"

"Mwendo wa propela. Nimechukua ile ndogo ya mfano nikaizungusha ndani ya sabuni, aone inavyojivuta mbele."

"Akaelewa?"

"Amesema anaenda kufikiria."

"Basi hakuelewa. Na mimi sina sabuni."

Akanawa kwa kile kilichobaki. Wakanywa chai wamesimama, kama siku zote, maana karakana ilikuwa na kiti kimoja na kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake. Halafu wakashusha boti ya mteja majini, wakaijaribu, wakairudisha. Mume amejaribu sana kukumbuka kama alimwambia mkewe neno zuri siku ile. Hakumbuki. Alimwambia kamba ya nyuma imelegea.

Kesho yake mke alishikwa na kifua. Wiki haikuisha.

Watu wa gatini walimwita Mama Sikio. Mumewe walimwita Fundi, basi. Karakana yao ilikuwa hatua thelathini kutoka majini, mabati juu, saruji chini, na ukuta mmoja mzima umetundikwa propela kwenye misumari: za shaba, za alumini, za chuma kisichoshika kutu, za mapanga matatu na za mapanga manne. Mgeni akiingia alidhani ni mapambo. Wateja wao hawakuwa watu wa kutafuta riziki majini. Walikuwa watu wenye boti za kustarehe, wanaokuja siku za mapumziko na miwani ya jua na watoto wao, wakitaka boti ikimbie.

Mama Sikio hakuzaliwa karibu na maji. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alikuja gatini akiwa msichana wa kusafisha viti vya boti. Kazi yake ilikuwa ndoo, kitambaa na kuinama. Siku nzima injini zinapita mgongoni pake. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anajua boti inayorudi ni ya nani kabla hajainua kichwa.

Fundi alikuwa kijana wakati huo, anajisikia. Siku moja amefunga propela mpya kwenye boti ya meneja mmoja, amesimama gatini mikono kiunoni, anaitazama inavyoondoka. Yule msichana akasema bila kuacha kusugua kiti:

"Hiyo umeifunga vibaya."

"Unasemaje?"

"Inalia kama mtu aliyetwishwa gunia halafu akaambiwa kimbia."

"Wewe umesomea wapi injini, dada?"

"Sijasomea. Nina masikio mawili. Wewe yako umeyaazima kwa nani?"

Wapagazi walicheka mpaka Fundi akaingia ndani. Jioni meneja akarudi na injini ya moto, inanuka. Fundi akashusha propela, akafunga nyingine yenye mapanga yaliyolala zaidi, na kesho yake akamwomba yule msichana asikilize. Akasikiliza. Akasema, "Sasa inapumua." Mwaka uliofuata walioana.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kila propela imegongwa namba mbili kwenye kitovu chake. Ya kwanza ni upana, kutoka ncha ya panga mpaka upande wa pili wa duara. Ya pili ni mwendo: kama maji yangekuwa magumu mfano wa sabuni, propela ikizunguka mara moja ingesonga mbele inchi ngapi. Ya kumi na saba inasonga kumi na saba. Ya kumi na tisa inasonga kumi na tisa, na mteja akisikia hivyo huitaka ya kumi na tisa. Anasahau kwamba injini ndiyo inayobeba. Mwendo mkubwa kuliko nguvu, injini inalemewa, inachemka, inakufa polepole. Mwendo mdogo mno, injini inazunguka ovyo, inapiga makelele, na boti haiendi popote.

Fundi hakusoma, lakini namba anazijua. Walikuwa na kipimo chao wawili, hawakukipata kwenye kitabu chochote. Fundi kwenye usukani, kiti cha kulia. Mama Sikio kiti cha kushoto, macho kwenye geji ya mizunguko ya injini. Mkono wa mafuta unasukumwa mpaka mwisho. Sindano ikitulia kwenye elfu tano na mia nane, propela ni hiyo hiyo. Mteja akija kujaza watu wake, sindano itashuka, lakini itabaki juu ya elfu tano, na chini ya hapo ndipo injini zile huanza kuumia. Kipimo hicho hakikuwahi kuwadanganya. Miaka thelathini na minne.

Na kabla ya kipimo kulikuwa na maswali. Hapo Mama Sikio hakuwa na aibu.

"Unapanda na nani?"

"Mimi na mke wangu, mama."

"Mkeo mwembamba?"

"Wa wastani."

"Wastani wa kwenu au wa kwetu? Nitazame mimi. Kama mimi?"

"Hapana, mama, hafiki huko."

"Haya, mwambie nimemsalimu. Na mama mkwe hupanda?"

"Hupanda."

"Mbona humtaji? Unataka kumwacha gatini? Baba, teremsha hiyo. Mpe iliyo pungufu inchi moja. Mama mkwe yumo."

Alikuwa mwanamke mwenye mwili, na mwili wake aliutania kabla mtu hajapata nafasi. Alizaa mtoto mmoja, binti. Alimlea palepale karakanani, akimfundisha kuhesabu kwa mapanga ya propela. Binti akakua, akasoma, akaolewa mji mwingine, akawa mtu wa ofisi. Mama Sikio alikuwa akimsifia kwa wateja kana kwamba yupo nyuma ya pazia.

Mama Sikio alipofariki, Fundi hakufunga karakana. Watu walimwambia apumzike. Apumzike wapi? Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na vyote vilikuwa vyake peke yake. Karakanani angalau kulikuwa na misumari ya kutazama. Akawa anakwenda mapema, anafungua mabati, anakaa kwenye kile kiti kimoja. Sasa hakuna wa kumwachia.

Kazi ilikuja. Mwenye duka la rangi alitaka propela. Fundi akajaribu, akaona sindano, akafunga. Baada ya wiki mbili mtu akarudi. Boti ikijaa inavuta miguu, alisema. Fundi akafikiri labda mtu huyu amepakia makopo ya rangi. Akambadilishia, yakaisha. Kisha akaja mstaafu mmoja mwenye boti ya kijani, maneno yaleyale. Huyo hakusubiri kubadilishiwa. Alichukua boti yake akaondoka na trela, na pale gatini habari haikai mfukoni.

Wa tatu alikuwa daktari wa meno.

Boti yake ilikuwa nyeupe, ya watu watano, injini ya nguvu za farasi arobaini. Fundi alimuuliza maswali yote kama alivyokuwa akiuliza mkewe, ingawa mdomoni mwake yalitoka makavu. Mke, watoto wawili, mama mkwe. Akaanza na ya kumi na saba, ambayo moyo wake ulimwambia ndiyo. Akaenda peke yake mpaka kwenye boya, mafuta mpaka mwisho. Sindano ikapanda elfu sita na mia moja. Imezidi. Akarudi, akafunga ya kumi na tisa. Elfu tano na mia saba. Karibu kabisa na kipimo. Akampa.

Jumatatu daktari akasimama mlangoni.

"Fundi, injini yangu inakohoa."

"Inakohoa vipi?"

"Tukipanda wote haifiki elfu tano. Elfu nne na mia saba, hapo imeganda. Mama mkwe ameniuliza kama nimenunua boti au ng'ombe mzee."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali.

"Mimi nikimng'oa mtu jino zima nikaacha bovu, hanirudii," daktari akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma. "Nimekurudia kwa sababu ya Mama Sikio. Boti nakuachia. Jumamosi nakuja na familia. Tukikwama tena, utanisamehe."

Jumatano binti akafika. Hakuja kwa ajili ya hilo, lakini alilikuta. Alikuwa ameshamwandalia chumba cha kuhamia kwake, kitanda, pazia, kila kitu. Alimkuta baba yake ameshusha propela zote ukutani, amezipanga sakafuni kwa safu, anazipima moja moja kwa rula, kama namba zilizogongwa zimemdanganya.

"Baba, unafanya nini?"

"Labda zimeliwa na kutu."

"Zote?"

Akaweka rula kwenye propela nyingine.

Binti akachuchumaa. "Baba, hakuna aibu. Kazi hii mliifanya wawili. Mama ndiye alikuwa na sikio. Funga, twende nyumbani."

Fundi akazungusha propela moja kwa kidole. Akasema, "Daktari anakuja Jumamosi. Ikikataa ya daktari, nafunga. Funguo nakupa mkononi."

"Kweli?"

"Nimesema."

Alisema hivyo, na mara akaogopa. Si kwa ajili ya kazi. Wateja wangekwenda kwa fundi mwingine, dunia isingesimama. Lakini karakana ikifungwa, basi kila alichokuwa anakijua yule mwanamke kitafungwa nayo, na yeye mumewe ndiye atakuwa amegeuza ufunguo.

Alhamisi bega lilimzidi. Bega la kulia, lilianza kama miezi minne nyuma, akasema ni uzee. Binti akamkalisha kwenye kiti, akamvua shati, akaanza kumsugua dawa.

"Umelala vibaya?"

"Silali vibaya. Usukani."

"Usukani wa nini? Umeshika usukani maisha yako yote, bega halijauma."

"Sasa nanyoosha mkono."

"Unanyoosha kwa nini?"

Fundi akamwonyesha. Akasogea kwenye ukingo wa kiti, akaupeleka mkono mbali kulia, kama mtu anayefunga dirisha akiwa kitandani. "Hivi. Nakaa katikati, usukani uko kule."

"Mbona hukai nyuma ya usukani?"

"Boti inalala upande. Nikikaa katikati inanyooka."

"Zamani ulikuwa unakaa kulia, baba. Nakukumbuka. Boti haikulala."

"Zamani mama yako alikaa kush…"

Mkono wa binti ukasimama begani.

Nje mtu alikuwa anaburuta kamba ya chuma kwenye saruji. Fundi alitazama ukutani, kwenye misumari mitupu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mdomo wake ukafunguka kama wa mtu anayetaka kucheka.

Miezi minne alikuwa anapima kwa kipimo cha watu wawili, yuko mmoja. Boti nyepesi, sindano inapanda, na yeye anaisawazisha kwa kuongeza mwendo. Namba zilikuwa sawa. Sikio lake lilikuwa sawa. Kutu haikula kitu. Aliyepungua ni mke. Miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kumhesabu, kwa sababu hakuna siku aliyokosa kuwemo.

"Alikuwa na kilo ngapi?" akauliza.

"Mama? Alikuwa akisema themanini na kitu."

"Alikuwa akisema."

Mkoba wake ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba. Fundi hakuwa ameugusa. Binti ndiye aliyeufungua, akavitoa vitu juu ya kitanda kimoja kimoja: kitana, leso, funguo za kabati ambalo lilishauzwa, peremende tatu, kipande cha sabuni kipya kwenye karatasi yake. Na kadi ya kliniki, kona zimeviringika.

"Tisini na moja," binti akasoma.

"Soma tena."

"Tisini na moja, baba."

"Mwongo yule," Fundi akasema. Akakaa kitandani, akashika kadi asiyoweza kuisoma ila namba zake, na akaitazama muda mrefu kuliko namba mbili zinavyohitaji.

Jumamosi asubuhi, kabla daktari hajafika, Fundi aliteka maji bombani. Dumu la lita ishirini, lingine, lingine, la nne. Hapo themanini. La tano akalipima kwa kikombe cha lita, kumi na moja, akalifunga. Binti alitaka kumsaidia kubeba, akamkatalia, licha ya lile bega lake. Aliyapanga kwenye kiti cha kushoto cha boti nyeupe, makubwa chini, lile dogo juu, akayazungushia kamba. Akakaa nyuma ya usukani, upande wa kulia. Boti ikatulia sawasawa.

Daktari akafika na watu wake, akasimama gatini.

"Haya madumu ni ya nini, Fundi?"

"Ya kipimo."

"Zamani hamkuwa na madumu."

"Hatukuwa nayo," Fundi akasema.

Alikuwa ameirudisha ya kumi na saba. Akatoka taratibu mpaka kwenye boya, kisha akasukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho. Pua ikainuka, ikashuka, boti ikakaa juu ya maji. Kwa mazoea akageuza kichwa kushoto kusubiri namba. Dumu halisemi. Akaisoma mwenyewe. Elfu tano na mia nane, sindano imetulia tuli.

Alizunguka boya mara mbili. Ya pili haikuwa na sababu.

Akarudi, akashusha madumu, familia ikapanda. Mama mkwe alipanda wa mwisho, akashikwa mikono na watu wawili, akaketi kiti kilekile cha kushoto.

"Leo ng'ombe wako atakwenda?" akamuuliza Fundi.

"Akigoma, mama, nitamvuta kwa kamba mwenyewe."

Walikwenda. Fundi na bintiye walisimama gatini wakisikiliza. Injini ililemewa kidogo kwenye kuinuka, kisha ikafunguka. Boti ikawa ndogo. Ilipopita tena karibu na gati, daktari aliinua mkono, vidole vitano, kisha viwili. Elfu tano na mia mbili. Mama mkwe alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili na anapiga kelele ambazo hazikuwa za hofu.

"Inapumua," binti akasema.

Fundi akamtazama. Hakujua kama binti ameokota neno lile kwa mama yake au limemtoka tu.

Mchana walikaa karakanani. Binti alikuwa na safari ya saa tisa. Hakuomba funguo. Alikuwa anarudisha propela kwenye misumari, na Fundi anamwonyesha ipi inakaa wapi. Madumu matano yalikuwa bado mlangoni, yamejaa. Fundi alikuwa hajayamwaga.

"Utakuwa unabeba maji kila siku?"

"Siku za kazi."

"Na ile boti yenu wenyewe, ya bluu? Hiyo hupandi na mteja. Unapanda peke yako."

"Hiyo inapiga kelele sasa. Inapita elfu sita."

"Si ubadilishe? Unazo ukuta mzima. Funga ya mtu mmoja."

Fundi akachukua propela mkononi mwa bintiye, akaitundika, akaisogeza kidogo ikae wima. Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia.

Aliwahi kuja karani mmoja, mtu wa makamo, mkimya, amenunua kiboti kidogo. Mama Sikio akamuuliza kama kawaida: unapanda na nani? Akasema peke yangu. Mkeo? Sina. Mama? Sina. Rafiki? Akatazama viatu vyake. Mama Sikio, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, hakusema kitu. Yule mtu alipotoka kwenda kuleta boti, Fundi akashusha propela ya mwendo mkubwa, inayomfaa mtu mmoja. Mkewe akamshika mkono, akairudisha kwenye msumari wake. Fundi akamwambia, mtu ameshasema yuko peke yake, wewe unataka nini? Na hivi ndivyo alivyomjibu, neno kwa neno, Fundi hajapunguza wala kuongeza:

"Mfungie ya watu wawili. Siku akipata mwenzake, kiti kipo. Akibaki peke yake injini itapiga kelele kidogo, haifi. Apunguze mkono wa mafuta tu."